Sifa Nilizorekodi Jumapili

Ndugu zangu, naungama. Mimi ndiye niliyewahimiza wenzangu wa jumuiya yetu ya Mkuza kumsifu Mungu kila alfajiri, kabla ya kushika kitu kingine. Tukakubaliana mmoja wetu atume wimbo wa sifa kwenye kundi la WhatsApp na kumshukuru Mungu kwa mwenzetu mmoja. Wiki ya kwanza ilikuwa zamu yangu.

Kuimba nimejifunza mwenyewe, na asubuhi sauti yangu hukwaruza. Kwa kuogopa aibu, Jumapili nikarekodi sifa za wiki nzima, nikirudia mpaka zikanyooka. Kila alfajiri nilituma moja bila kusoma ujumbe wa mtu, nikarudi kulala.

Alhamisi, dakika chache baada ya kutuma, Mama Upendo, mwenyekiti wetu, akapiga simu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umeamka?”

“Zamani! Nimetoka kusifu sasa hivi.”

“Tumekusikia. Umeshukuru kwamba Mzee Yona ameamka mzima.”

“Amina, mama!”

“Mwanangu, Mzee Yona amefariki jana jioni. Tuko msibani kwake, na mjane anauliza: hizo sifa umeimba lini?”