Mimba, Pasi na Majani ya Ng'ombe

Nakumbuka asubuhi niliyolala nimesimama. Mwanangu, usinicheke kwanza. Watu wengine husinzia kanisani, wengine kwenye mkutano wa kijiji, na hao angalau wana mahali pa kuegemea. Mimi nililala wima katikati ya mji wa Moshi, macho nusu wazi kama mbuzi anayecheua, mkono wa kulia ukiwa juu ya pasi ya mkaa. Chini ya pasi kulikuwa na gauni jeupe la kipaimara la mtoto wa watu.

Ngoja nikueleze nilivyofika hapo, maana najua wewe nawe unashuka kwenda kazini kila asubuhi na tumbo lako mbele, unarudi jioni huoni pa kuweka miguu.

Mimi si mtu wa mambo makubwa. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikaolewa hapa hapa Old Moshi, wala sikuona sababu ya kwenda mbali. Wageni wanavuka bahari kuja kuupanda mlima huu. Mimi nimezaliwa mgongoni kwake na sijawahi kupanda juu kupita shamba la mjomba. Nikiona mtu anafunga begi la safari, miguu inaniuma kwa niaba yake. Lakini kazi nilikuwa nayo, tena ya kutwa, Jumatatu mpaka Jumamosi. Nilikuwa fundi katika chumba cha ushonaji nyuma ya soko, kwa mama mmoja wa Kibosho tuliyemwita Mama Tedi. Niliipenda kazi ile. Mume wangu Elibariki alikuwa mpagazi, anawabebea wageni mizigo mlimani, na mvua zikikaza wageni hawaji. Miezi hiyo jiko letu lilitegemea sindano yangu.

Basi nikapata mimba ya kwanza, na hapo akili yangu ya kidato cha nne ikaanza kazi.

Nilikuwa na hofu mbili. Ya mjini ilikuwa Mama Tedi. Kabla yangu kulikuwa na binti aliyeshika mimba, akawa anakuja siku moja anakosa mbili, mwishowe akaambiwa akapumzike mpaka aitwe. Hofu ya nyumbani ilikuwa wifi yangu Ndeshi. Unajua kwetu ng'ombe hatoki nje. Anakaa bandani, majani yanamfuata, na yanamfuata juu ya kichwa cha mwanamke. Mke wa mtu alipimwa kwa mzigo wake. Na habari za wifi Ndeshi zilikuwa kwamba alikata majani asubuhi, akautua mzigo mlangoni mwa banda, akaingia ndani akajifungua. Hadithi hiyo nilipewa na kila jirani, mpaka nikifika bandani naona hata ng'ombe ananilinganisha.

Kwa hiyo nikajitengenezea majibu mawili. Mama mkwe akiniuliza, "Kazi haikuchoshi, mwanangu?" namjibu, "Aa, mama, kazi ya mjini ni kukaa tu kivulini." Mama Tedi naye akiniuliza hali ya nyumbani, namjibu, "Nyumbani sigusi hata ufagio. Mama mkwe ananiletea mtori wa ndizi na nyama kitandani." Hata muuguzi wa kliniki aliponiuliza kama napumzika, nilimwambia napumzika sana, nikampa na tabasamu juu yake.

Nilijiona mjanja. Kumbe wale watu wazima wawili walikuwa wananisikiliza, tena wananijali.

Mama mkwe aliwaza hivi: mjamzito anayekaa kutwa nzima miguu itamganda, lazima atembee. Akawa ananiachia majani ya jioni kwenye kipande cha mbali kabisa, kule chini karibu na mto. Mama Tedi akawaza kama yeye: huyu nyumbani analala tu, siku ya kujifungua itamwia ngumu, lazima achangamshwe. Akaniondoa kwenye cherehani, akanisimamisha mezani kwenye mkasi na pasi. Kila mmoja alikuwa ananinyoosha viungo. Nikanyooshwa huku na huku mpaka nikabaki kama kamba ya kuanikia nguo.

Miguu ilivimba, viatu vyangu vikakataa, nikavaa vya Elibariki. Mafundi wenzangu walipouliza nikawaambia ndiyo mtindo mpya. Usiku nalala kama gogo, asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Na bado nikifika popote nasema sijambo.

Turudi kwenye pasi. Kilichoniamsha ni harufu, kisha sauti ya Mama Tedi.

"We Aika! We! Unamchoma mtoto wa watu kabla hajapata kipaimara!"

Nilishtuka nikaitika, "Marahaba!" Sijui nilidhani nani amenisalimia. Nikanyanyua pasi, na mgongoni mwa gauni kulikuwa na alama ya kahawia yenye umbo lake, ncha na kila kitu. Nikajikuta nimekaa sakafuni kwenye vipande vya vitambaa.

"Umelewa?"

"Sijalewa, mama."

"Sasa una nini?"

Mwanangu, mlango ulikuwa wazi kabisa pale. Mtu ameniuliza nina nini, na ninacho. Mimi nikajibu, "Ni joto tu la pasi."

Mama Tedi akalishika lile gauni, akalitazama, akanitazama. "Basi nenda nyumbani ukapoe. Na usirudi mpaka nikuite." Wenzangu wakainamia cherehani zao. Yule binti wa kwanza naye bado alikuwa anasubiri kuitwa.

Nikapanda mlima kwa miguu. Mtoto tumboni anapiga teke, na mimi njia nzima nawaza mvua za masika, Elibariki ameketi nyumbani hana wageni, na mimi sina sindano. Nilipofika nikamkuta mama mkwe kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, anaondoa majani makavu ya migomba. Sikutaka maswali. Nikapita moja kwa moja bandani, nikachukua mundu na kamba.

"Aika."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jua liko utosini na wewe uko hapa. Mji umefungwa?"

"Tumemaliza mapema."

"Na hiyo kamba?"

"Nakwenda kwenye majani ya jioni."

"Jioni imefika lini?"

Hapo ndipo nilipolia. Nililia vibaya, kilio cha mtoto aliyenyimwa ndizi. Nikakaa kwenye gogo la mgomba na kumweleza yote: nasimama kutwa, nimechoma gauni, nimefukuzwa, na majani ya mtoni yananimaliza. Mama mkwe alinisikiliza huku bado ameshika jani kavu mkononi.

"Kwa hiyo," akasema, "mimi nimekuwa namtuma mtoni mtu aliyesimama tangu asubuhi."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nakunyoosha miguu!"

"Ilinyooka, mama."

Nikamwona anataka kucheka. Akajizuia, akakaa kando yangu, na sauti yake ikabadilika.

"Sasa nisikilize. Unadhani umejinyima wewe tu? Umeninyima na mimi. Nimeweka samli ya siku zako za uzazi. Yule mbuzi ndani namlisha kwa ajili yako. Ukianguka kule mtoni na mzigo kichwani, hiyo samli nitamlisha nani? Mimi siwezi kusoma moyo wa mtu. Ungeniambia, 'Mama, nimechoka.' Maneno mawili. Shuleni kwenu hawakufundisha?"

Nikajitetea. Nikasema mbona wifi Ndeshi alikata majani mpaka siku ile ile.

"Nani kakuambia?"

"Watu wote."

"Watu wote walikuwa wapi? Ndeshi alikata, akakaa chini, akaniita kwa sauti ya kusikika mpaka Kahe. Nikashuka mbio. Mzigo nikaubeba mimi, na yeye nikamshika mkono mpaka nyumbani. Majirani waliuona mzigo mlangoni, hayo mengine wakamalizia wenyewe."

Mwanangu, miezi yote ile nilikuwa nashindana na mzigo uliobebwa na mama mkwe.

Kesho yake asubuhi aliamka akavaa kitenge chake cha kanisani. Akaenda mpakani mwa kihamba, akachuma jani la isale. Wewe mtoto wa siku hizi nadhani isale unalijua kwa kulipita tu. Kwetu ukimkosea mtu ukamletea jani hilo, unamwambia nimekuja kwa amani, nisamehe, na yeye akishalipokea kisasi kimekwisha. Nikamshukuru mama mkwe, nikidhani anakwenda kuniombea. Akaniwekea jani mkononi mwangu.

"Mimi nakusindikiza tu. Utasema mwenyewe."

Tukateremka polepole, tukipumzika kila nilipotaka, tukamkuta Mama Tedi amelaza lile gauni mapajani anafumua mshono. Alipoona nilichoshika akarudisha mikono yake nyuma.

"Mama, shikamoo. Tafadhali mwambie aliweke mbali hilo. Nikilipokea siwezi tena kukasirika, na bado nimekasirika."

"Marahaba. Kasirika tu, mwanangu, tutasubiri," mama mkwe akamjibu. "Kiti kipo?"

Akaletewa kiti, akakaa kama amekuja harusini. Mimi nikabaki nimesimama na jani langu, mafundi wote wameacha kushona wananitazama. Nilitamani nirudi kwenye lile jibu langu la "sijambo". Lakini nikawaza masika, nikawaza na kiti changu pale dirishani, nikasema.

"Mama Tedi, nyumbani siletewi mtori kitandani. Kila jioni nakata majani ya ng'ombe. Hapa nasimama kutwa. Nimechoka, nimechoka sana, na nilikudanganya kwa sababu niliogopa. Gauni nisamehe, nitalirekebisha. Lakini kazi yangu naitaka."

Mama Tedi akamgeukia mama mkwe. "Anakata majani?"

"Alikuwa anakata. Kwani hapa hakai?"

"Anasimama!"

"Loo!"

Wakatazamana kama watu wawili waliouziwa kuku mmoja. Kisha wakageuka wote wawili kunitazama mimi, na ningekuwa na nguvu ningekimbia. Mama Tedi ndiye aliyeanza kucheka. Akanyoosha mkono, akalipokea jani.

"Yule binti wa kwanza," akasema baada ya kupumua, "hakuniambia kitu hata siku moja. Alikuwa anapotea tu. Mimi nikiambiwa hali ya mtu napanga kazi. Nisipoambiwa napanga vilevile, ila napanga vibaya. Kaa chini, Aika, kabla hujaniangukia."

Nikakaa. Tangu siku ile nikarudishwa kwenye cherehani, nikapewa kigoda cha kuwekea miguu, na kazi za vifungo na pindo. Pasi ikaenda kwa wenzangu. Baada ya chakula cha mchana nilijilaza kidogo kwenye marobota ya vitambaa, na Mama Tedi akawa ananiamsha kwa kuniita "mke wa mfalme". Gauni tulilikata mgongoni tukaweka marinda. Mama mwenye mtoto alikuja akasema marinda yale yamempendeza sana, na wote tukainama tukitafuta sindano sakafuni.

Nyumbani je? Elibariki aliposhuka mlimani alikuta kamba na mundu vinamsubiri mlangoni. "Wageni umewabebea wiki nzima," mama yake akamwambia, "na mkeo mbebee." Vijana wenzake walimtania siku mbili tatu, wakachoka. Na majani yaliyotoka kichwani kwa mwanaume, mwanangu, ng'ombe aliyala vizuri tu wala hakuuliza.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike mwenye mapafu ya Ndeshi. Samli nililishwa mimi, mtori sasa ukaja kitandani kweli, mbuzi naye akatimiza wajibu wake. Siku za uzazi zilipokwisha nikarudi kwenye kiti changu cha dirishani, na nilikikalia miaka mingi.

Sasa sikiliza ninachotaka ukichukue. Kuchoka ukiwa na mimba si uvivu, wala si kukosa adabu kwa wakwe. Mwili wako una kazi mbili, na moja haina mapumziko ya Jumapili. Waambie walio juu yako kazini, na waambie walio nyumbani, na uwaambie maneno yale yale, maana ukigawa ukweli kila mtu atakupangia kazi kwa nusu aliyopewa. Omba kiti. Omba kazi ya kukaa. Kula kabla hujaondoka, hata kama ni uji wa kusimama mlangoni. Kliniki usimfurahishe muuguzi kwa majibu; miguu ikivimba, kichwa kikiuma, macho yakiona ukungu, sema siku hiyo hiyo. Likizo yako ya uzazi ni haki yako, ichukue bila kuinamisha uso. Mume wako ana mabega, na hayakuumbwa kwa ajili ya koti tu. Na ukisikia habari za mwanamke fulani aliyefanya kazi mpaka dakika ya mwisho, uliza nani alibeba mzigo.

Wapo watakaokunja uso ukisema umechoka. Siwezi kukudanganya, si kila bosi atacheka kama Mama Tedi. Sema hata hivyo, na kama huyo hakusikii mtafute anayesikia, maana yupo, mara nyingi yupo karibu kuliko unavyodhani, na anakuwazia sivyo kwa sababu tu hujamwambia.

Mungu akupe, mwanangu, watu wa kuwaambia, na awape hao watu masikio. Akupe usingizi unaopumzisha na chakula kinachokaa tumboni. Siku yako ikifika, mikono ya kukupokea iwepo, ushuke salama wewe na uliyembeba, na kazi yako uikute inakungoja.