Vikombe Vilivyolala na Siki

Saa mbili asubuhi, mfinyanzi amesimama mbele ya vikombe kumi na viwili vya kijani vilivyofunikwa kwa visahani. Kila kimoja kina siki aliyoimimina jana muda kama huu. Kilichobaki ni kufunua tu. Badala yake anafagia karakana ambayo ameshaifagia mara mbili.

"Naogopa," anasema bila kuzunguka. "Naogopa kile cha mwisho."

Kumi na kimoja ni vipya. Cha mwisho ni cha binti yake, mwenye mimba ya miezi saba, anayekitumia kunywea maji ya limau kila asubuhi.

Mama huyu wa miaka hamsini na tisa, ambaye wateja humwita Bibi Kijani, alifundishwa kazi na shangazi yake. Kipimo cha moto kilikuwa jicho: unachungulia tanuri kwenye tundu, moto ukiwa mwekundu, ongeza kuni, ukiwa rangi ya chungwa bivu, acha.

"Wenye vipimo nilikuwa nawacheka," anasema. "Nawaambia, macho yangu hayahitaji betri."

Mwaka jana daktari akamkuta na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Baada ya upasuaji alichungulia tena tanuri. Moto aliokuwa akiuona umeiva ulikuwa bado mwekundu. Kwa karibu miaka miwili alikuwa akitoa vyombo vibichi.

Alipeleka viwili maabara ya chuo. Majibu yakaja: unga wa rangi anayopaka vyombo, ule ule wa tangu enzi za shangazi, una madini ya risasi, sumu inayodhuru hata mtoto aliye tumboni. Rangi isipoiva, kinywaji chenye uchachu huyanyonya kwa urahisi. Mtaalamu alimwambia aachane nao kabisa, hata moto uwe mkali vipi.

Sasa anatumia unga mwingine, anaupima kwa gramu. Tanurini anasimamisha vijiti vya udongo vinavyopinda joto likifika kiwango. Kisha vyombo vinalala na siki siku nzima. Siki ikibadilika rangi, vinapondwa.

Kipindi kile aliuza vikombe mia mbili na arobaini, na kimoja akampa binti yake. Amezunguka nyumba kwa nyumba, akakusanya mia moja themanini na saba. Hamsini na vitatu hajui viko kwa nani, na ameapa kuvitafuta hadi cha mwisho.

"Wageni niliwaambia mlangoni kwao," anasema. "Wangu ndiye niliyeshindwa kumwambia. Nimemdanganya kikombe kina ufa, nikakichukua."

Anafunua. Siki ya kwanza safi. Ya pili safi. Kumi na moja zote safi. Ya mwisho ina ukijani hafifu.

"Mama, kikombe changu bado?" Binti yuko mlangoni, mkono kiunoni. "Siku ya nne hii nanywea bilauri kama mgeni."

"Kaa, mwanangu."

Anamweleza yote, bila kujitetea. Binti anachungulia ndani ya kikombe, kisha anajishika tumbo.

"Lakini mbona mimi naonekana mzima?"

Mfinyanzi anafuta mikono kwenye aproni, anaivua, anachukua ufunguo wa karakana.

"Kuonekana ndiko kulikonifikisha hapa," anasema. "Vaa viatu. Tunakwenda kupima damu yako."