Maji ya Gari

Mume wangu alikuwa akirudi kutoka soko la Keroka mikono yake ikinukia sabuni ambayo hatukuwa nayo nyumbani. Sisi tulitumia sabuni ya mche, hiyohiyo kwa nguo na kwa mwili. Yeye alikuja na viganja vyenye harufu ya maua, kama mtu aliyenawa kwa wageni. Nikimuuliza mbona amechelewa, alikuwa na jibu moja.

"Nilisimama mlimani injini ipumue."

Sikusoma sana, lakini najua injini haina mapafu. Sikubishana naye. Nilimwekea chakula, nikaendelea kuangalia. Kisha taulo letu la manjano likapotea kwenye kamba ya nguo. Akasema labda ni upepo. Niliutazama ule upepo uliobeba taulo zito ukaacha soksi za watoto.

Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu alipougua, na yalikuwa bado yapo alipokufa.

Siku ya mazishi alikuja mwanamke ambaye hakuna aliyemjua. Alikuwa wa umri wangu, labda mdogo kidogo, na amevaa vizuri. Hakuja kunishika mkono kama wengine. Alisimama karibu na migomba, akalia taratibu, na jeneza liliposhushwa akaondoka kabla ya chakula. Shangazi mmoja wa mume wangu aliyekuwa ameketi nyuma yangu akamwambia mwenzake kwa Ekegusii, lugha ya kwetu, kwa sauti ya kunifikia, "Huyo hakuja kula. Huyo alikuja kwa lake."

Nililia siku hiyo, lakini nililia nikiangalia pembeni.

Pikapu aliyokuwa akiendea sokoni ilibaki kwangu. Mume wangu alikuwa amenifundisha kuendesha kwenye barabara ya kituo cha kununulia majani chai, na leseni nilikuwa nayo. Majirani walihitaji mtu wa kupeleka ndizi zao sokoni, nami nilihitaji kazi ya kunitoa nyumbani. Siku ya soko nikapakia mikungu, nikashika njia ya kutoka kwetu Birongo kwenda Keroka.

Karibu na kilele cha mlima injini ikazima. Haikukohoa wala haikutoa moshi. Ilinyamaza tu, kama mtu aliyezima redio. Nikaivuta pikapu kando, nikatia breki ya mkono. Nilipoinua macho niliona nyumba yenye lango la buluu, na uani alikuwa yule mwanamke wa mazishi, anaanika nguo.

Aliitazama pikapu. Nami nikamtazama. Kisha akaacha nguo, akaingia ndani haraka.

Nikafunga vioo, ingawa jua lilikuwa kali. Nilijiambia kwamba hata gari limezoea kusimama hapa. Nikajaribu ufunguo mara nyingi bila kitu. Mwishowe, baada ya kukaa kwa muda, injini ikawaka vizuri kabisa, nami nikaondoka bila kugeuza shingo.

Keroka nilimtafuta fundi ambaye hakujuana na mume wangu, maana sikutaka mtu wa kumtetea. Nikapata mmoja mwenye gereji nyuma ya maduka ya spea, mzaliwa wa familia ya Waislamu wa mjini, msemaji wa Kiswahili kilichonyooka. Alisikiliza, akachomeka mashine yake ndogo chini ya usukani, akasoma.

"Mama, sensa imekufa." Akaona kitambaa changu cheusi cha kichwani, akajirekebisha. "Imechoka, naomba radhi."

Mimi sensa niliyoijua ni ile ya serikali ya kuhesabu watu. Nikamwambia, "Wa sensa walishapita kwetu. Na wakirudi, watakuta mmoja amepungua."

Alinitazama kuona kama namtania. Alipoona sitanii, hakucheka.

"Hii ya gari nayo inahesabu," akasema. "Inahesabu mizunguko ya krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini. Ikiacha kuhesabu, injini haijui ichome mafuta saa ngapi, inazima. Na hii yako ikipata joto sana inaacha. Ikipoa inaendelea."

Maelezo yalikuwa mazuri mno, na mimi maelezo mazuri nilikuwa nimeshayachoka. Nikasimama karibu naye alipoingia chini ya gari, nisije nikabadilishiwa kitu kizima kwa kibovu. Alikuwa akitafuta pale injini inapokutana na giaboksi. 

"Nani alifunga kitambaa hapa?"

Akatoa mkono. Alikuwa ameshika kipande cha taulo, cheusi kwa oili, lakini kwenye mshono wa pembeni rangi ya manjano ilikuwa bado inaonekana.

Nilikipokea. Nikaupapasa ule mshono wa taulo letu.

"Aliyefunga alijua," fundi akasema. "Unamwagia sensa maji baridi, inapoa haraka, gari linawaka papo hapo. Kitambaa kinashika ule unyevu usikauke upesi. Ni ujanja wa njiani. Sio dawa, lakini unakufikisha."

"Na nyinyi wanaume mnavyofichiana siri, si ajabu mkawa mmeongea," nikamwambia.

"Mama, mimi na marehemu hatujawahi hata kusalimiana."

"Basi usibadilishe. Kirudishe kitambaa chake palepale."

"Gari litakuzimia tena mlimani."

"Nataka linizimie."

Akafuta mikono, akamwambia mwenzake wa gereji ya jirani, "Leo nimepata mteja anayetaka gari bovu." Wakacheka. Lakini alirudisha kitambaa, na kabla sijaondoka alinionyesha kwa tochi mahali pa kumwaga maji.

Wiki iliyofuata nilipakia ndizi kama kawaida. Maji sikubeba. Nilifanya hivyo kwa kusudi. Kama fundi alisema kweli, ningejua sababu ya gari kuzima. Lakini mimi sikuwa nikilala macho kwa ajili ya gari. Nilitaka kujua kama nilimzika mume wangu au nilimzika mume wa watu wawili.

Ikazima palepale, chini kidogo ya kilele. Nikashuka. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, makali, nimeyarudia tangu nyumbani. Nikafika kwenye lango la buluu, na kabla sijabisha likafunguka.

Yule mwanamke alikuwa ameshika dumu la manjano la mafuta ya kupikia, limejaa maji mpaka mdomoni.

"Maji ya gari," akasema, akaninyooshea. Kisha ndipo akanisalimia. "Pole, mama. Soko lililopita nilienda kukuchotea, nikitoka nikakuta umeenda."

Nikalipokea dumu. Nikamuuliza tu, "Alikuwa anakuja hapa?"

"Kila soko. Ananiomba dumu hili la maji. Anamwaga, gari linawaka, anarudi kunirudishia. Nilikuwa nampa na sabuni anawe oili. Alisema kwako mtu haingii na mikono michafu."

"Mbona mazishini hukuja kwangu?"

Akatazama chini. "Ningekuja niseme mimi ni nani? Ukoo wote umekaa pale, mimi nijitambulishe mimi ni wa maji? Wewe mwenyewe ungeniamini?"

Nisingemwamini. Nilimwambia hivyo. Akatabasamu kidogo bila furaha.

"Na kwa nini alinificha?"

"Alisema ukijua gari linazima mlimani utamwambia aliuze. Alilipenda sana hilo gari."

Ningemwambia aliuze, hilo ni kweli kabisa.

Tulienda pamoja. Nililala chini, nikamwaga maji mahali nilipoonyeshwa. Yalichemka kidogo yakitoa mvuke, yakadondoka kwenye lami. Nikapanda, nikazungusha ufunguo, injini ikawaka mara moja. Niliegemea usukani nikalia. Safari hii sikuangalia pembeni. Yeye alibaki nje, mkono juu ya mlango.

Siwezi kudai kwamba shaka yote iliniisha siku ile. Bado kuna siku najiuliza kwa nini mtu alie hivyo kwa ajili ya mpita njia wa dumu la maji. Halafu nakumbuka jinsi mume wangu alivyonawa mikono kabla ya kuingia kwangu, nami nikahesabu kunawa huko kuwa kosa.

Fundi alibadilisha sensa siku hiyohiyo. Ile ya zamani alinipa mkononi, kitu kidogo kama kidole gumba, na waya wake. Kitambaa sikumwachia.

Soko lililofuata pikapu ilipanda mlima bila kuzima. Nikapita lango la buluu, nikakaribia kilele. Kwenye kioo nikamwona yule mwanamke ametoka, amesimama kando ya barabara na dumu mkononi, anaangalia gari likienda.

Nikakanyaga breki. Nikalivuta kando, nikalizima mwenyewe kwa ufunguo, nikashusha mkungu mmoja wa ndizi wa kumpelekea.