Meneja Alipopasuliwa Tumbo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu hata nikiwa kanisani. Ni siku mimi na mume wangu tuliposhuka kwenye bajaji hapa mtaani kwetu Shinyanga, yeye amebeba beseni kwa mikono miwili, anatembea polepole kama aliyebeba trei ya mayai. Ndani ya beseni, juu ya kanga yangu, alikuwa amelala paka wetu mzee. Alikuwa ametoka kupasuliwa tumbo.

Paka huyo tulimwita Meneja, kwa sababu tangu ujana wake alipenda kukaa juu ya magunia ya mpunga kwenye stoo yetu na kuwatazama wabebaji kana kwamba yeye ndiye anayewalipa. Alikuwa jike. Wanangu mapacha, Kulwa na Doto, walimwokota wakiwa shule ya msingi. Wao wakakua, wakaoa, wakahama. Meneja akabaki nasi, meno yamepungua na masikio yamechanika kwa ugomvi wa zamani.

Basi akaanza kunywa maji kupita kiasi. Tumbo likajaa, chakula akakiacha. Tukampeleka kwa daktari wa mifugo, binti ambaye siku zote tulimwona akichanja ng'ombe. Alitusalimu shikamoo, akampapasa Meneja kwa muda mrefu, kisha akasema mji wa mimba umejaa usaha na lazima utolewe.

"Mama, sitakuficha," aliniambia. "Huyu ni mzee na upasuaji wenyewe ni mkubwa. Lakini tukimwacha hivi, atakufa."

Nikamgeukia mume wangu. Baba Kulwa ni mtu wa ng'ombe tangu kuzaliwa. Miaka yote alikuwa akisema paka ni kiumbe cha jikoni, hana haja ya daktari. Nilijua atasema turudi nyumbani. Akavua kofia, akaishika kifuani. "Mpasue, dokta," alisema. "Sisi tutasubiri hapa hapa."

Tulisubiri, na Meneja akatoka mzima. Daktari akatupa masharti yake: akae chumba kimoja chenye joto, asirukeruke, asilambe kidonda, apewe dawa alizoandikiwa tu. Hasa alituonya kuhusu panadol. "Kwa binadamu ni dawa. Kwa paka ni sumu, hata kipande kidogo."

Ukumbuke hilo, mwanangu, hata ukisahau mengine yote. Maana tulipofika nyumbani, jirani wa kwanza kuingia alikuja nayo mkononi, kwa upendo kabisa.

Kwa kuwa hakukuwa na kola ndogo ya kumzuia kulamba, Baba Kulwa alikata mkono wa sweta lake la zamani, akatoboa matundu manne, tukamvisha Meneja. Laiti ungemwona! Alisimama, akajitazama, akaanza kutembea kinyumenyume mpaka akagonga ukuta. Tulicheka mpaka nikamwambia mume wangu tutoke nje, tusije tukamvunjia heshima mgonjwa.

Lakini kesho yake kicheko kilikatika. Meneja hakula. Baba Kulwa aliweka dagaa mbele yake, akaweka maziwa, akambembeleza, akamfungua mdomo kwa kidole. Majirani nao wakaja, kila mmoja na ushauri wake, wakainama juu yake kama watu wanaochungulia kisima. Meneja aligeuza uso ukutani. Nilipogusa masikio yake, yalikuwa ya baridi, nikaogopa.

Nikampigia daktari simu. Akasema chakula kipashwe moto kidogo kipate harufu, na asipokula mpaka jioni, tumrudishe bila kuchelewa. Nikakata simu, nikasimama pale mlangoni nikiutazama ule umati, na ghafla nikamkumbuka mama mkwe wangu.

Mwanangu, hata mimi nimepasuliwa tumbo. Kulwa na Doto walitolewa hivyo, wakati huo tukiishi Runzewe, nami nikiwa mke mgeni katika ukoo wa watu. Mama mkwe, ambaye sote tulimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, ndiye aliyeniuguza. Kidonda kilikuwa bado kibichi, lakini asubuhi moja nilijikongoja, nikashika ufagio. Niliogopa watasema mtoto wao ameoa mvivu. Mayu akanikuta nimeinama uani, jasho linanitoka. Akaninyang'anya ule ufagio.

"Nani amekwambia tunakupima?" aliniuliza. Hakupaza sauti, lakini nilitamani ardhi inimeze. "Umekuja hapa kuwa mtoto wangu. Nenda kalale. Uwanja hauendi popote."

Kisha akawatoa wageni wote chumbani, akaleta kigoda chake, akaketi karibu na kitanda akibangua karanga. Hakuniuliza ninajisikiaje kila dakika. Hakunilazimisha uji. Aliuweka karibu, ukiwa wa moto, akaendelea na kazi yake akiimba chinichini. Nilipoutaka mwenyewe, nikaunywa wote. Mpaka leo sijawahi kunywa uji mtamu kama ule.

Ndipo nikafanya kama mayu. Nikawashukuru majirani, nikawaomba watuache kidogo. Nikachemsha kipande cha sato bila chumvi wala kitunguu, nikauacha mchuzi upoe kiasi, nikauweka karibu na pua ya Meneja. "Baba Kulwa," nikamwambia, "chukua ungo wako na mimi wangu. Tuchambue mchele, na usimwangalie."

"Nisimwangalie?"

"Usimwangalie. Nihadithie habari za ng'ombe wa baba yako."

Mume wangu hahitaji kuombwa mara mbili kwa habari hizo. Akaanza na yule dume mwekundu aliyevunja zizi, akaja kwa yule ng'ombe aliyekuwa anajua kufungua mlango wa jikoni. Nilikuwa nimezisikia zote. Siku hiyo niliitikia kila moja kana kwamba ni mpya, huku masikio yangu yako nyuma. Akiwa katikati ya hadithi ya tatu, nikasikia sauti ndogo sana: ulimi unagusa mchuzi. Baba Kulwa akanyamaza. Hakugeuka. Machozi yakamtiririka mtu mzima yule, yakadondokea kwenye mchele, na mimi nikamfinya mguu aendelee na hadithi asije akamshtua.

Kuanzia hapo Meneja akarudi kidogo kidogo. Leo mchuzi, kesho nyama ya samaki, keshokutwa akajilaza penye jua la dirishani. Baba Kulwa akahamishia redio yake chumba kile kile, akidai huko inashika vizuri zaidi. Nyuzi zikatolewa, sweta likavuliwa, naye daktari akampigapiga Meneja kichwani akasema, "Bibi una roho ngumu wewe."

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja nikasikia kelele getini. Alikuwa Mama Sharifa, jirani yetu muuza samaki, ameshika kiuno. "Mama Kulwa! Paka wenu ameruka ukuta, ameniibia sato mzima!"

"Ameruka ukuta?" nikauliza.

"Ameruka, tena na samaki mdomoni!"

Mwanangu, nilimkumbatia mama wa watu na hasira zake zote. Baba Kulwa alitoka ndani akiwa na sabuni usoni, akapiga vigelegele kama mwanamke wa harusini. Mama Sharifa alitutazama, akaanza kucheka na yeye, tukacheka wote watatu mpaka wapita njia wakasimama kuuliza kuna nini.

Ninachokuomba basi ni hiki. Ukipewa mgonjwa wa kumuuguza, awe mzazi, mwenzi wako, au mnyama asiyeweza kusema, fuata maneno ya daktari na umtie joto. Kisha mpe nafasi. Usimsimamie kichwani ukimhimiza apone ili moyo wako utulie. Kaa karibu, fanya kazi yako, aone kwamba upo na kwamba hakuna anayempima. Wala usiseme huyu ni mzee, amekwisha. Mzee naye anataka kuiona kesho. Na siku atakapopata nguvu hata ya kukuudhi, furahi.

Mungu akujalie mikono mipole na moyo wa subira. Ukiugua, usikose mtu wa kuketi karibu nawe. Na ukipona, nyumba yako ijae vicheko. Wabeja, asante sana mwanangu, kwa kunisikiliza.