Ndege Iliyopita Bila Kuamkia

Juzi, kwenye uwanja wa Arusha, ndege yetu ilisimama pembeni kusubiri nyingine itue. Abiria walinung'unika. Mimi nilitulia, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu kule Hanang.

Nilikuwa nachunga ng'ombe na bibi kando ya kiwanja cha vumbi cha ndege za kunyunyizia dawa mashamba ya ngano. Dawa hiyo ilinuka hadi kooni. Ndege ndogo ilijiingiza kiwanjani bila kusimama, wakati nyingine, kubwa kuliko yenyewe, inatua. Zikagongana. Bati lilipiga kelele, bawa likakatika, ng'ombe wakatawanyika. Rubani mmoja alitoka akiburuta mguu wenye damu.

"Bibi, ile ndogo haikuamkia," nilisema kwa uhakika. Kwetu mtoto akikutana na mkubwa njiani husimama pembeni, hutoa shikamoo, na hapiti mpaka asikie marahaba.

Bibi alinifinya sikio. "Watu wameumia, wewe unaongelea salamu?"

Siku hizi najua marubani huomba njia kwa redio, na hawaingii mpaka wajibiwe. Siku ile, kama tulivyosikia baadaye, yule wa ndege ndogo hakuomba. Sikio langu lilifinywa bure.