Mtunza tumbili anayeomba woga usiishe

Saa moja na nusu asubuhi. Mtunza wanyama anavaa mabuti ya mpira, barakoa na glavu mbili kila mkono, kisha anausukuma mlango wa chumba cha tumbili kwa bega. Hatoi salamu. Anaosha sakafu, anabadilisha vyombo vya maji, anagawa vipande vya ndizi na karoti.

Katika kizimba cha mwisho, tumbili jike namba tisa amejikunyata pembeni, mkia ameuzungusha miguuni. Anamkodolea macho mtunza wake, anasubiri kusemeshwa. Hasemeshwi.

"Zamani nilikuwa naingia na kelele zangu," anasema mtunza huyo baadaye, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jengo. "Siku hizi naingia kama mwizi."

Kwa miaka kumi na mmoja amewalisha wanyama wa maabara hii, ambako watafiti wanatafuta ni njia zipi ndani ya ubongo zinazowasha hofu hata pasipo na hatari yoyote. Wenzake wanamwita Mjomba.

"Wale tumbili ni wapwa zake kabisa," anachombeza mfagizi anayepita na ufagio begani. "Sisi hajatununulia hata chai, wao kila siku ndizi!"

Mjomba anacheka kidogo. Namba tisa yeye humwita Bibie.

Jaribio lenyewe ni fupi. Tumbili huachwa peke yake nusu saa. Kisha mtu asiyemjua, aliyevaa kinyago cha mpira, huingia na kusimama karibu na kizimba kwa dakika mbili. Kamera hurekodi. Mwenye wasiwasi hujibana nyuma na kuganda. Aliyepata nafuu husogea mbele. Tumbili sita, Bibie akiwemo, wanapewa dawa inayokusudiwa kutuliza kijisehemu kidogo cha ubongo.

Bibie alikuwa akiganda dakika zote mbili, na Mjomba hakuweza kuvumilia. Katika ile nusu saa ya upweke akawa anajibanza nyuma ya mlango na kumpigia mluzi wa chini chini, ule wa wakati wa kula. Wiki ya nne Bibie akaanza kusogea. Wiki ya sita alishika nondo za mbele na kumwangalia mgeni usoni.

Mtafiti mkuu alimkimbilia Mjomba kwenye korido. "Dawa imekubali, Mzee! Huyu ndiye tutaanza naye."

Mjomba alijua maana ya kuanza naye. Tumbili aliyekubaliwa na dawa hulazwa usingizi asioamka, ili ubongo wake ukatwe vipande vyembamba na kuchunguzwa kwa hadubini. Ambaye dawa haikumsaidia hupelekwa hifadhi, akazeekee huko.

Nyumbani Mjomba ana binti wa miaka ishirini na miwili ambaye hajatoka nje kwa miaka miwili. Mlango ukigongwa tu, moyo humwenda mbio na vidole hufa ganzi. Wamezunguka kliniki tatu.

"Nikaona, wakiandika kwamba dawa imefanya kazi, kumbe ni mluzi wangu, kesho atapewa mwanangu," anasema Mjomba. "Atameza, atasubiri, hataona kitu. Atadhani ubovu ni wake." Anaiweka sawa ndoo aliyokalia. "Lakini sitaki kujipamba. Nilimfikiria na Bibie pia."

Akaenda ofisini, kofia mkononi, akasema yote. Mtafiti mkuu alimsikiliza hadi mwisho.

"Mzee wangu, unajua umenirudisha wapi?"

"Mwanzo, Daktari."

"Mwanzo kabisa. Na unajua ni nani atakayeumia?"

Mjomba alipewa onyo la maandishi. Tumbili wote sita wakaanza upya: wiki sita nyingine za mgeni mwenye kinyago. Naye akakatazwa kutoa sauti yoyote chumbani, hata kukohoa.

Zimepita wiki tatu. Wanne wameanza kusogea mbele. Bibie ndiyo kwanza anarudi nyuma. Amejinyofoa manyoya ya mkono wa kushoto hadi ngozi inaonekana.

"Anadhani nimemkasirikia," anasema Mjomba.

Dawa ikishindwa kwa Bibie, Bibie ataishi. Ikifaulu, huenda siku moja binti yake akapona.

"Naomba iwakubali wale wengine, kwake ikatae. Na wale wengine nao nimewalea mimi. Hebu niambie, hiyo nayo ni dua?"

Kila jioni binti humuuliza hata kabla hajavua viatu.

"Baba, wamesogea?"

"Wanne, mama."

"Na Bibie je?"

"Bado."

"Masikini. Mwambie ajikaze."

Hajui kwamba wanaosogea hawarudi. Mjomba amepanga kumweleza jaribio likiisha, asije akasikia kwa mtu mwingine. Mkewe amemsihi aache, maana anahofia msichana ataikataa dawa hata ikipatikana.

"Atakasirika, hilo najua," anasema Mjomba, akinyanyuka na kujipangusa suruali. "Anaweza kunifokea, akabamiza mlango, akatoka."

Anaiokota ndoo, glavu bado ziko mkononi.

"Akitoka, sitamwita. Nitakaa dirishani nimtazame anavyokwenda."