Jina la Mama Kwenye Marejeo

"Huyu ni nani?"

Maneno hayo matatu yaliandikwa kwa wino mwekundu pembeni mwa jina la mama yangu, kwenye ukurasa wa mwisho wa kazi yangu ya stashahada. Chini yake palikuwa na alama ambazo nisingempa hata mtoto wa darasa la tatu aliyekuja shuleni bila kalamu. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka kumi na tisa, nikala sapu: kazi irudiwe.

Chuo kikuu kimefungua kituo Sumbawanga, nasi tunasoma elimu ya watu wazima tukiwa kazini, tukikutana na wahadhiri ana kwa ana mara chache kwa mwaka. Kazi ilikuwa kuandaa somo la kuwafundisha watu wazima wa kijijini kwako. Kitini chetu kinasema, kwa herufi nzito, kwamba kumfundisha mtu mzima huanza na kile anachokijua. Nikakiamini kitini. Kosa langu ndilo hilo.

Kijijini kwetu, Kate, watu wanajua intumba. Mvua zikiwa bado zinanyesha unakata majani, unayalundika, unayafunika kwa udongo mpaka unapata tuta la mviringo. Majani yanaozea humo. Msimu unaofuata unalibomoa, unautawanya udongo na kupanda ulezi au mahindi. Hayo kila mtu anayajua. Lakini majani gani yanaoza haraka, na yapi ukiyafukia yatachipua upya yakuaibishe mbele ya majirani, hayo ilibidi nimuulize mama. Nilimuuliza Jumamosi mbili mfululizo, yeye akipeta maharage, mimi nikiandika.

"Umesoma mpaka umesahau shamba," alinicheka. "Haya, andika. Usije ukanidanganyia watu huko."

Mhadhiri alikuwa ametukazia kwamba kila usichokibuni mwenyewe lazima useme umekitoa wapi: jina la ukoo kwanza, kisha mwaka. Nikamuuliza mama mambo haya aliyajua mwaka gani.

"Mwaka gani? Kwani mimi kalenda?"

Nikaandika mwaka huo tuliozungumza. Kwa mpangilio wa alfabeti jina lake liliangukia katikati ya maprofesa wawili, na nakiri kwamba niliutazama ukurasa ule muda mrefu kuliko nilivyowahi kuitazama barua yangu ya ajira.

Basi, baada ya ule wino mwekundu, nikasubiri mhadhiri aje. Siku aliyokuja kulikuwa na wageni kutoka makao makuu waliokuja kusoma taarifa ya maendeleo ya chuo. Tuliambiwa ufundishaji umeboreshwa. Tuliambiwa chuo sasa kinathamini uzoefu wa mwanafunzi mtu mzima, tukapiga makofi, na mimi nikapiga. Mpaka leo viganja hivi vinanikera.

Wageni walipoondoka nilisimama na karatasi yangu.

"Dokta, umeuliza huyu ni nani. Ni mama yangu."

Darasa likacheka. Hata yeye akatabasamu.

"Mwalimu, marejeo ni maandiko. Mama si andiko."

"Na kama hakuna aliyeandika?"

"Basi huna chanzo. Na bila chanzo, hayo ni maneno ya mtaani."

Ya mtaani! Ufipa nzima imekula kwa maneno hayo tangu kabla chuo chake hakijawekewa jiwe la msingi. Nilikaa chini, lakini sikuwa nimekubali.

Wakati wa chai alinifuata, mpole kabisa. Alitaka kuelewa hiyo intumba inakuwaje. Alinipa daftari lake nimchoree. Nikachora tuta, majani ndani, udongo juu. Kalamu yake ilikuwa haitoi wino vizuri, nikaijaribu kwa kupiga kistari kifupi juu ya kilele. Nikamweleza yote, hata yale majani ya kuaibisha. Mwalimu ni mwalimu, ukimuuliza anafundisha.

Muhula uliofuata tukapewa toleo jipya la kitini. Ukurasa wa arobaini na kitu kulikuwa na intumba. Tuta langu, majani yangu, na kile kistari changu cha kujaribu kalamu, kikiwa kimewekewa mshale na maelezo: "kijiti cha kutolea joto." Chanzo cha mchoro: jina la mhadhiri, mwaka, uchunguzi wa mwandishi.

Nina hasira, na sitaki kuipaka sukari. Nilimpelekea mratibu wa kituo kazi yangu na ukurasa ule wa kitini, akavilinganisha, akashusha pumzi.

"Mwalimu, kazi ya kurudia mwisho ni Ijumaa. Ukifeli tena unarudia mwaka mzima. Si umepata chanzo sasa? Kitumie."

Nilikitumia. Nilikaa nyumbani nikalifuta jina la mama, mahali pake nikaandika la mhadhiri, ukoo kwanza, kisha mwaka. Maelezo sikuyabadilisha hata nukta. Nilipata alama za juu kuliko wote kituoni, na pembeni, kwa wino uleule mwekundu, pameandikwa: "Sasa umefanya utafiti."

Nilipokwenda Kate mama alikuwa amesikia kwamba nimefaulu. Alikuwa amewaambia na majirani kwamba jina lake liko chuo kikuu.

"Wameyakubali niliyokwambia?"

"Wameyakubali yote, mama."

Akafurahi, akaniwekea ugali wa ulezi, akaniuliza kama jina lake wameliandika vizuri, maana kwenye kadi ya kliniki huwa wanalikosea. Nikamwambia hawakukosea hata herufi moja.